Bango la Harusi Tulilolikata Sebuleni

Mwezi huu tunawaletea kazi ya mikono ambayo kikundi chetu hapa Morogoro kiliifanya kwa shida kidogo na vicheko vingi: mabango ya harusi kwa herufi za stika, zile zile wanazobandika madereva kwenye vioo vya daladala.

Jambo lilianza hivi. Mwenzetu mmoja, mjane, alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Michango ilifika nusu tu ya ahadi, nanyi mnazijua ahadi za michango. Kamati ilipokaa kupunguza matumizi, ikaanza na mabango ya mpambaji. Chakula hakiguswi, usafiri wa wazee hauguswi. Binti akanuna. Alikuwa ametamani kioo kirefu cha kusimamisha mlangoni, chenye majina kwa herufi za dhahabu, kama alichokiona kwenye harusi ya rafiki yake. Mama naye akatamka neno alilolijutia baadaye, kwamba baba yake angekuwa hai asingethubutu kudai hivyo. Siku tatu nyumba ile ilikuwa ya salamu tu.

Sisi tuliokwenda kusuluhisha hatukuwa na hekima yoyote ya kuwapa. Mmoja wetu akauliza: hicho kioo kirefu si kama kile cha chumbani kwa mama?

Basi tukaanza. Stika huuzwa kwa mita katika maduka ya wachora mabango, na iko ya aina mbili. Kwa mfano, za kampuni ya Kijerumani ya Orafol, namba 631 hutumika ndani na hubanduka kwa urahisi, lakini namba 651 ni ya kudumu na huvumilia jua na mvua. Kwa kioo cha kuazima, ulizia inayobanduka. Sisi hatukuuliza, tukapewa ya kudumu.

Majina ya maharusi tulipeleka dukani yakakatwe kwa mashine, kwa sababu binti aliyataka kwa mwandiko wa kuunganisha, na mwandiko huo wembe hauuwezi. Herufi kubwa za kawaida tulikata wenyewe kwa rula, penseli na wembe mpya. Wembe butu huchana, haukati.

Hapo tukapata somo. Tulichora herufi nyuma ya stika, kwenye ile karatasi nyeupe, maana mbele penseli huteleza. Tukachora kama tunavyoandika siku zote. Tulipogeuza neno KARIBUNI, tukakuta K, R, B na N zote zinatazama kinyume! A, I na U zilisalimika kwa kuwa hizo zina sura moja kulia na kushoto. Nusu mita ya stika ikaenda hivyo. Binti ndiye aliyecheka kwanza, kisha mama yake akashindwa kujizuia. Kwa hiyo, mama, ukichora nyuma ya stika, chora kinyume. Dawa rahisi ni kukata kwanza herufi za karatasi ngumu, kuzigeuza uso chini juu ya mgongo wa stika, halafu kuzizungushia penseli.

Kubandika ndiko kunakotaka subira. Futa kioo kwa spiriti, kisha usikiguse tena kwa vidole, maana mafuta ya mkono huzuia gundi. Tafuta katikati ya kioo, weka alama, na panga maneno yote kwanza bila kubandua karatasi, ukiyashikiza kwa vipande vya selotepu ya karatasi. Usigawe nafasi kwa rula peke yake: I ni nyembamba na M ni nene, kwa hiyo jicho ndilo liamue. Rudi nyuma hatua tano utazame.

Kwa maneno yaliyokatwa na mashine, omba dukani ile karatasi ya gundi hafifu ya kuyahamishia, herufi zisitawanyike. Nyunyiza kioo maji yenye matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo. Maji hayo hukuruhusu kusogeza neno kabla halijashika. Kisha sukuma maji na mapovu yatoke, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa. Ngoja gundi ishike ndipo ubandue karatasi ya juu polepole, ukiilaza na si kuivuta juu. Maji yasiwe mengi pembeni mwa kioo, yakipenya mgongoni huacha madoa meusi. Njia hii si ya mbao. Bango la mbao lipigwe msasa, lipakwe rangi na kuachwa siku kadhaa likauke kabisa, la sivyo stika itafura mapovu.

Bango la njia panda lilitushinda mara ya kwanza. Herufi zilikuwa nzuri lakini ndogo, na mwenye gari hakuweza kuzisoma. Kadiria sentimita moja ya kimo cha herufi kwa kila mita moja ya umbali. Tuliacha maneno mengine yote, tukabakiza HARUSI na mshale.

Mzozo wa mwisho ulikuwa mstari wa chini wa kioo. Mama alitaka jina la baba liandikwe. Mzee mmoja wa kamati akasema neno marehemu halifai mlangoni pa harusi. Tulikuwa bado tunabishana binti alipochukua mabaki ya stika ya dhahabu, akakata jina la baba yake herufi moja moja, bila neno marehemu. Mzee hakusema tena.

Baada ya harusi tulibandua herufi kwa kuzipasha moto taratibu na mashine ya kukaushia nywele. Gundi iliyobaki tuliitoa kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Ilichukua jioni nzima, kwa sababu ya ile stika ya kudumu. Kioo kimerudi chumbani. Mstari wa chini mama hakukubali ubanduliwe, nasi tumemwonya akisafisha asitumie spiriti, apanguse kwa kitambaa chenye maji na asisugue kwenye kingo za herufi.