WATU WA BEROYA WALIMCHUNGUZA HATA PAULO



Wiki hii nimetumiwa video nne za watumishi wa Mungu wakisema kwamba akili unde, hii tunayoiita AI, ndiyo alama ya mnyama. Nawaheshimu ndugu zangu, lakini leo nitawapinga mchana peupe. Baadhi yetu tunaikemea Jumapili asubuhi kwa mahubiri ambayo yenyewe ilituandikia Jumamosi usiku.

Naanza na mimi mwenyewe. Mwaka jana niliiomba inipe kisa cha mmishonari wa zamani aliyemsamehe mwizi. Ikanipa: jina, mwaka, hata kijiji. Kanisa likapiga makofi. Baada ya ibada mama mmoja, mwalimu mstaafu, akanijia polepole: "Pasta, kile kisa umekisoma kitabu gani? Nataka kuwasomea wajukuu." Nilitafuta siku tatu. Hakuna mmishonari, hakuna kijiji. Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye madhabahu ileile nikatubu mbele ya watu.

Nisikilize vizuri, mpendwa. Mashine ile imelishwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno linalofaa kufuata. Mara nyingi inapatia. Ikikosea, inakosea kwa uhakika uleule. Dhambi ilikuwa yangu mimi niliyeshika Biblia mkononi nikasema "hili lilitokea" bila kuchunguza. Kutoka 20:16 inakataza kushuhudia uongo, na sijaona mahali inaporuhusu kujitetea kwamba "niliambiwa na simu."

Hata wasomi wameanguka hapo. Mwaka 2023, kule New York, mawakili walipeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi sita ambazo hazijawahi kuwako. ChatGPT ilikuwa imezitunga. Wakili mmoja aliiuliza kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu ndiyo. Yaani alimuuliza shahidi wa uongo kama anasema kweli! Jaji akawatoza faini ya dola 5,000.

Na uvivu huu unamuumiza asiyehusika. Kuna Daniel Stenberg wa Sweden. Yeye na wenzake wanatunza curl, programu ya kusafirisha data iliyomo ndani ya simu, televisheni na magari mengi duniani. Walikuwa wakimlipa yeyote anayegundua ufa wa usalama ndani yake. Watu wakaanza kuwatumia ripoti ndefu zilizoandikwa na AI, za nyufa zisizokuwako. Kila moja lazima isomwe, maana huenda ikawa ya kweli. Mapema 2026 wakaufunga mpango wa zawadi. Umeona? Mvivu anatunga kwa dakika moja, mlinzi anapoteza siku nzima. Na mlinzi akichoka, mji wote uko hatarini.

Sasa mtazame mlinzi aliyekesha. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa nusu sekunde. Mimi na wewe tungesema "ni network tu." Yeye akafuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili. Uliwekwa na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyefanya kazi kama msaidizi mwaminifu kwa zaidi ya miaka miwili. Mbwa mwitu ndani ya ngozi ya kondoo! Uligunduliwa kabla haujaenea kwenye seva nyingi za dunia. Nusu sekunde tu, ndugu yangu.

Ndiyo maana napenda Matendo 17:11. Aliyehubiri Beroya alikuwa Paulo mwenyewe, lakini wale watu walikwenda kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ni kweli. Paulo hakukasirika, na Biblia inawasifu kuwa waungwana.

Kijana wa chuo unayeandika tasnifu, najua ada imekubana na msimamizi wako hashiki simu. Lakini kitabu ambacho hujakifungua usikiweke kwenye marejeo yako. Kesho utakuwa nesi, mwalimu au mhandisi, na kuna mtu atameza dawa au kuvuka daraja kwa kuliamini neno lako.

Mchungaji mwenzangu, itumie AI kama unavyotumia jembe. Lakini jembe halitasimama mbele ya kiti cha hukumu. Mathayo 12:36 inasema tutatoa hesabu ya kila neno lisilo na maana. Je, neno la uongo ulilolipeleka madhabahuni kwa jina la Bwana?

Nanyi washirika wangu, mkinisikia natoa kisa, niulizeni nimekisoma wapi. Sitawaita waasi. Yule mama aliniokoa.

Usiandike AMINA bado. Fungua kwanza Matendo 17:11 uhakikishe sijakudanganya, kisha uandike.

Mbarikiwe.
Mchungaji wenu