Nyika Si Jangwa

Aghalabu mwanafunzi aulizwapo jangwa ni nini, hujibu kuwa ni mahali pakavu. Jibu hilo halitoshi. Tukilifuata, nyika yote iliyo kaskazini ya milima ya Usambara, tangu bonde la Umba hadi Mkomazi, itahesabiwa kuwa jangwa. Na kweli wako waiitao hivyo wakati wa kiangazi, migunga ipukutishapo majani na udongo mwekundu ukabaki wazi.

Chanzo cha ukavu huo ni milima yenyewe. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda Usambara, zikapoa, zikaangusha mvua nyingi huko Amani. Zishukapo upande wa pili zimekwisha pungukiwa na maji, tena huzidi joto. Kwa hiyo nyika hupata masalio tu. Hata hivyo, wastani wa masalio hayo kwa mwaka huvuka milimita 250, kipimo cha zamani cha jangwa.

Siku hizi wataalamu hawatazami mvua peke yake, bali huilinganisha na maji ambayo ardhi na mimea ingepoteza kwa mvuke lau yangekuwapo daima. Mvua ikiwa chini ya asilimia 5 ya kiasi hicho, hilo ndilo jangwa halisi, kama sehemu kubwa ya Sahara. Kutoka 5 hadi 20 ni nchi kame. Kutoka 20 hadi 50 ni nchi yenye ukame wa kadiri. Nyika yetu imo katika fungu hili la mwisho.

Huenda mtu akasema kuwa jina ni jina tu. Sivyo, jina huongoza hukumu. Nchi iitwayo jangwa hudhaniwa kuwa haina kitu, ama kwamba imeharibiwa na wakazi wake. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa Mkomazi, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba mifugo inaharibu ardhi. Hoja ya namna hiyo yataka vipimo vya miaka mingi, kwani uwanda ulio mtupu mwezi Septemba huweza kuwa malisho mwezi Desemba, vuli ikinyesha. Wala nyika si tupu: Mkomazi pekee ina aina zaidi ya 400 za ndege.

Sisemi kwamba nyika haiwezi kuharibika. Uchomaji wa makaa na malisho ya kupita kiasi huweza kuidhuru sana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1994 wa kupambana na kuenea kwa jangwa unahusu hasa nchi za namna hii, wala haujumlishi majangwa makavu kabisa; kilicho jangwa tangu asili hakiwezi kugeuka jangwa. Tukiiita nyika jangwa leo, tutaonya kwa neno gani siku itakapoharibika kweli?

Yafaa basi walimu wa jiografia wawape wanafunzi kipima mvua na karai pana la maji, wapime kwa mwaka mzima mvua iingiayo na maji yapoteayo, kisha waamue wenyewe.