Kanga si Bata Mzinga

Wako wataalamu miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa elimu ya uwindaji. Nimelisikia neno hilo likinenwa ukumbini, nami nalipinga. Aliyelinena alikuwa ametafsiri mwongozo wa Kimarekani wa kuwinda bata mzinga wa porini, na mahali palipotaka neno moja aliandika: kumkaribia ndege kwa hatua za siri. Je, kunyatia kumekufa lini? Aendaye taratibu hunyatia; akaaye kimya akingoja huotea; awatimuaye ndege majanini wakaruka hukurupusha; aachaye kitanzi njiani akaenda zake hutega. Mbinu nne, vitenzi vinne. Upungufu basi si wa lugha, ni wa msemaji.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mwindaji wa Marekani huiga sauti ya jike wakati wa kujamiiana, na dume huja akimtafuta. Mbinu hiyo ni njema kwa kuwa yafuata tabia ya ndege yule. Kwetu hayuko porini. Wa kufanana naye ni kanga. Kanga hutembea kwa makundi. Mmoja akishtuka hupiga kelele, wote wakaonyeka. Hupenda kukimbia kabla ya kuruka. Jioni hupanda mitini kulala. Hata Linnaeus, mwaka 1758, alimpa bata mzinga jina la Meleagris, ambalo Wayunani wa kale walimwitia kanga. Kosa la jina lasameheka. La maarifa humrudisha mwindaji mikono mitupu.

Nitaambiwa kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka leseni, kwa hiyo maneno haya hayana kazi tena. Sheria na iheshimiwe. Lakini sheria huzuia mkono, haizuii ulimi. Na askari wa wanyamapori atatoaje ushahidi juu ya mtego asioujua jina?

Nendeni Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, mzione kanga zilizotundikwa madukani. Wengi husema vazi hilo lilipata jina kwa madoadoa ya ndege. Tusipoangalia, tutabaki na nguo, na ndege atakuwa ametoweka vinywani mwetu. Nanyi wanafunzi, mchukuzi wa sokoni aliyekulia kijijini huenda akajua mengi kuliko kamusi zenu. Kuuliza si ujinga: mwulizeni, mkaandike, kabla hamjatangaza kwamba lugha ya mama zenu ni maskini.