Usiniambie Iko kwa Klaudi

Kuna sentensi moja nimeichoka: "Usijali, iko kwa klaudi." Mara nyingi huitoa msee wa Nairobi mwenye waifai ya nyumba, tena kwa sauti ya kukufariji. Mimi niliiamini miaka mitatu. Wewe usiiamini hata wiki moja zaidi.

Mimi ni wa Tabaka, Kisii, kule yanakochimbwa mawe ya sabuni. Wale viboko wadogo na zile bodi za chesi unazoona Maasai Market, nyingi zimetoka kwetu. Karo iliponishinda niliacha chuo nikarudi nyumbani kuandika, na kwa kuwa uandishi haulipi kila mwezi, nikawa napiga picha kazi za anko wangu na kuwatumia wanunuzi. Jioni nilikuwa namrekodi babu. Alichimba mawe tangu ujana wake. Angeligonga jiwe, akatega sikio, kisha akakwambia lina ufa ndani au halina. Nilikuwa na rekodi zake arobaini na kitu, na zote zilipanda klaudi zenyewe usiku, bando zikiwepo.

Babu akafariki. Miezi michache baadaye simu ikaanza kulalamika imejaa. Binamu yangu mdogo, mtoto mwenye nia njema kabisa, akanisaidia kupunguza. Alifuta vitu vya zamani kwa sababu, kama alivyoniambia mwenyewe, "si viko kwa klaudi?" Nilipokuja kuvitafuta, klaudi ilikuwa imetii. Kilichofutwa kwa simu kilikuwa kimefutwa na huko juu, na pipa la taka lilikuwa limejimwaga muda wake ulipokwisha. Niliandikia kampuni. Mashine ikanijibu, kwa adabu nyingi.

Tunachouziwa kama akiba ni kioo. Ukijikuna, nacho kinajikuna. Sikatai kwamba kinafaa: simu ikinyakuliwa stejini, utakishukuru. Lakini kosa likifanywa na wewe, au na mtoto, au na aliyeiba nenosiri lako, au na virusi vinavyofunga faili halafu vikadai pesa, kioo kinalinakili kosa hilo kwa uaminifu mkubwa. Nakala ya akiba ni ile isiyosikia ukifuta. Na ili isisikie, lazima iwe imechomolewa.

Kama unadhani haya ni matatizo ya mtu wa kijijini asiyejua kompyuta, hebu waulize Maersk, wale wa makontena unayoyaona kwa lori za Mombasa Road. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vilivyoitwa NotPetya, vilivyoingilia programu ya uhasibu ya Ukraine, viliangusha mitambo yao dunia nzima. Walikuwa na seva kama 150 zinazojua nani ni nani kwenye mtandao wa kampuni, na bila hizo hakuna kinachofufuka. Mpango wao wa akiba ulikuwa nini? Kwamba seva hizo zinakiliane zenyewe kwa zenyewe. Vioo 150, vyote vikapasuka pamoja. Moja tu ilipona, ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umepotea na seva ikawa imezimika kabla virusi havijafika. Stima kupotea! Kitu tunachokitukana kila wiki ndicho kilichoiokoa kampuni ambayo hata hivyo ilipata hasara ya dola kati ya milioni 250 na 300. Intaneti ya Ghana ilikuwa nyembamba mno kutuma data hiyo Uingereza, kwa hiyo ikaamuliwa diski isafiri. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza (kwani ungetarajia nini?), basi mmoja akairusha hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye akaendelea nayo hadi London. Klaudi yao siku hiyo ilikuwa mtu na begi.

Najua mtaniambia flashi hupotea, na diski zinakufa. Kweli. Flashi moja iliyochomekwa kila saiba ya Kisii Town si akiba, ni daladala ya virusi. Nasema hivi: nunua diski ya nje, elfu kadhaa, pesa ambayo wengi wetu tumeshalipa kwa viatu. Nakili, chomoa, weka kabatini. Ukipata ya pili, mpelekee shangazi anayeishi mji mwingine, maana nyumba huungua. Ukiiacha imechomekwa kwa laptopu mwezi mzima umerudi kwenye kioo. Na mara mojamoja ifungue uhakikishe faili zinafunguka. Klaudi ibaki kama nyongeza. Hata ikiwa salama, Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na tukakaa siku kadhaa tukitazama kiduara kikizunguka.

Nilimwambia anko picha zake zote zimepotea, nikiwa tayari kwa matusi. Akaendelea kupiga msasa. "Kwani umepoteza picha ama umepoteza twiga?" Nyuma ya karakana ana rafu ndefu yenye vumbi, na kwa kila muundo aliowahi kuuza ameweka kimoja pale. Haviuzwi, hata mzungu akibembeleza. Mnunuzi akipiga simu akitaka "ile twiga ya mwaka juzi", anko huishusha, huipima kwa kidole, huanza kuchonga.

Babu sikumwekea rafu.

Desemba nilipata kwenye droo simu yangu ya kwanza, kioo kimevunjika, haijawahi kuingia intaneti tangu niiache. Ndani mlikuwa na memori kadi. Nilikuta rekodi moja ya dakika nne. Dakika ya kwanza babu anakohoa. Kisha anauliza kama hiki kitu kimewaka, namwambia ndiyo, na anaanza kueleza jiwe likiwa bichi linavyokatika kwa panga. Nyanya anaita chai tayari, naye anainuka.