«ZONE NON AEDIFICANDI»: NANI ALIPIMA, NA ALIANZIA WAPI?

Wandugu wa Bunia,

Mvua ikipiga usiku, sisi wa karibu na Nyamukau hatulali. Tunapandisha magodoro juu ya meza, tunabeba watoto, tunangoja maji ishuke. Asubuhi, mbele hatujamaliza kutosha matope, mutu anakuja kutuuliza: «Juu ya nini mulijenga hapa? Hapa ni zone non aedificandi!»

Sawa. Tuongelee hilo neno. Diplome tuko nayo, kazi hakuna, basi wakati wa kusoma sheria tuko nao mwingi.

«Non aedificandi» ni Kilatini: pasipojengwa. Hilo ni katazo la sheria. Mutu ndiye anaamua, kwa karatasi, kwa saini, kwa metre. «Zone inondable» ni jambo ingine: ni mahali maji inafika. Pengine maji inaweza kuingia na bado pakajengwa, kama nyumba imeinuliwa na mifereji inapitisha. Pengine panakatazwa hata kama maji haijafika kamwe, sababu udongo unaporomoka. Wakubwa wanachanganya haya mawili kila siku, na mchanganyiko huo unawafaa: siku ya kuuza parseli, ni kartie kama zingine, siku ya kubomoa, ni «non aedificandi».

Tutoe mfano wa mbali, mutu asiseme haiwezekani. Uingereza, zone 3 ya mafuriko ya mto ina maana iliyoandikwa: mahali ambapo kila mwaka kuna nafasi 1 juu ya 100, ao zaidi, mto ufurike. Ramani iko kwenye intaneti, kila mutu anaangalia nyumba yake. Na 1 juu ya 100 haisemi kwamba maji ikishapita utalala miaka 99. Ukikaa hapo miaka 30, nafasi ya kuiona ni karibu 26 juu ya 100. Mama anayenunua parseli ana haki ya kuelezwa hivyo mbele ya kutoa pesa.

Kwetu, ni metre ngapi? Zinaanzia wapi: katikati ya mto, ukingo wa kiangazi, ao pale maji ilifika mwaka wa mvua kali? Hapo katikati kunaweza kuingia avenue nzima!

Hatusemi watu wabaki ndani ya maji. Tuliona Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, Mei 2023: zaidi ya watu 400 walikufa. Lakini sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya leta. Basi parseli haikujigawa yenyewe. Kuna aliyepima, kuna aliyesaini, kuna aliyekula. Yule aliyekimbia vita Djugu akanunua kando ya mto, sababu ndiko bei iliweza mfuko wake, ndiye wa mwisho kuulizwa.

Tunaomba, na tutarudi kuomba: ramani ibandikwe kwenye komine zote tatu, Mbunya, Nyakasanza na Shari, metre ziandikwe, na mahali zinapoanzia, bornes zipandwe mbele ya wenyeji, hakuna kubomoa mbele ya hayo. Na mwenye karatasi halali alipwe kwanza, kama Katiba inavyosema kwa article 34.

Wewe uko na karatasi ya parseli kando ya Nyamukau? Piga foto, angalia tarehe na saini, uichunge vizuri. Jumamosi tunapita kartie kwa kartie kuzihesabu.

Vijana wa Bunia