Motokaa Inayowaka Kisha Ikazima

Yako mazoea yaliyoenea sana huku kwetu Uganda, nayo yatutia hasara bure. Motokaa ya zamani imekaa chini ya mwembe miaka mitatu au minne, pengine kwa sababu mwenyewe amefariki. Siku moja watoto wake wataka kuitoa. Hutia betri mpya, injini huwaka, huunguruma nusu dakika, kisha huzima. Hapo huitwa fundi, naye kabla hajafungua kitu husema, "Leteni plagi, leteni koili, leteni kabureta mpya." Vyote vikiisha kununuliwa, motokaa huwaka, ikaunguruma nusu dakika, ikazima vile vile. Mwisho huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na fedha zilizopotea zingalitosha kumlipia mtoto mmoja karo ya muhula.

Mimi nasema kwamba injini inayowaka kisha ikazima imekwisha kutueleza nusu ya ugonjwa wake. Kama imewaka, basi cheche ilikuwapo, na petroli kidogo ilikuwapo. Basi tuulize: ni kitu gani kilichokuwapo mwanzo, kisha kikaisha? Mara nyingi ni petroli.

Tuchukue Peugeot 404, ambayo wazee wetu waijua sana, maana ndiyo iliyoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Kabureta yake ina bakuli dogo lenye boya ndani. Petroli ikipungua boya hushuka, njia ikafunguka, na petroli nyingine huingia ikisukumwa na pampu iliyo ubavuni mwa injini. Ndani ya pampu hiyo mna kiwambo laini, ambacho kikikauka kwa miaka hukakamaa na kupasuka. Tangi nalo hushika kutu, na kutu huziba chujio. Petroli iliyolala huacha utando kama gundi katika vitundu vya kabureta. Injini huiteketeza petroli iliyomo bakulini, na nyingine haiji.

Ndiyo sababu siipendi kabisa desturi ya kumimina petroli katika mdomo wa kabureta ili motokaa iwake. Bila shaka itawaka! Itaunguza hicho kilichomiminwa, izime, na hatutakuwa tumejifunza lolote. Tena moto ukirudi nyuma, humchoma mtu uso.

Njia bora ni hii. Motokaa ikizima tu, iache ipoe, ondoa waya wa koili ili cheche isitoke, chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, utie ncha yake ndani ya chupa, na mwenzako azungushe injini kwa ufunguo. Mchanga uwe karibu, na asiwepo mvuta sigara. Petroli ikiruka kwa nguvu, kosa limo katika kabureta. Ikidondoka tu, au isitoke, kosa liko nyuma: pampu, chujio, mipira au tangi. Ili kujua ni lipi, lisha pampu kwa mpira safi kutoka debe lenye petroli mpya. Injini ikiendelea kuunguruma, pampu haina hatia. Safisha tangi, chujio na mipira yake.

Ziko dalili nyingine. Injini inayoishi wakati choki imevutwa, ikafa choki ikirudishwa, mara nyingi imezibwa kitundu kidogo cha kabureta. Inayokwenda dakika kumi ndipo ikafa, jaribu kufungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na baada ya kitambo injini ikawaka tena, tundu la kupumulia limezibwa, pengine na nyigu wa udongo. Kila mwanafunzi ajua kwamba kopo la maziwa hutobolewa matundu mawili, na mwalimu wa fizikia amekwisha kutueleza sababu. Hilo ni lilo hilo.

Siwatetei waya na koili. Injini iliyokosa petroli hukohoa na kuyumba kabla ya kufa. Iliyokosa umeme hukatika ghafula kama taa iliyopulizwa. Na katika motokaa nyingine, injini huwaka wakati ufunguo umeshikwa, ikafa mara unapoachiwa. Hapo fuata waya uendao kwenye koili.

Najua mafundi watasema kwamba kupima hakulipwi, hulipwa kufunga vyuma. Maneno hayo yana ukweli, na kosa ni letu sisi wenye motokaa, tunaoona haya kumlipa mtu aliyetumia saa nzima akitazama chupa. Mimi ningemlipa saa hiyo kwa furaha. Mwenzangu mwenye hoja kinyume cha hii na amwandikie mhariri. Hasa ningependa kuwasikia wazee wa shule wenye gereji zao.