Boma la Machemba

Watu wengi hudhani ya kuwa mfalme asiyeacha kuta za mawe hakuacha habari. Huenda Kilwa Kisiwani, wakaitazama Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa katika karne ya 14 kwa matumbawe na chokaa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe 8. Kisha hupanda uwanda wa Makonde, na kwa kuwa hawaoni magofu kama yale, husema kwamba huku hapakuwa na enzi. Neno hilo si la haki.

Katika uwanda huo, mahali paitwapo Luagala, palikuwa na boma la Machemba, mfalme wa Wayao. Desturi ya bara ilikuwa kujenga kwa miti na udongo na kuezeka kwa nyasi. Na nyumba ya namna hiyo ikikosa mwenyeji, mvua na mchwa huimaliza upesi. Basi kutoweka kwake si dalili ya unyonge wa aliyeijenga.

Mwaka 1890 Wajerumani walimtaka Machemba ateremke pwani, akajiweke chini ya kamishna wao, Hermann von Wissmann. Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili, kwamba urafiki anaukubali, lakini kuwa mtumishi wake hawezi. Miaka mingi walishindwa kumtiisha. Mwaka 1899 walimwendea kwa nguvu kubwa, naye akakimbilia Msumbiji. Hivyo makao yake yalipotea, lakini maneno ya barua ile yanasomwa hata leo. Karatasi imedumu kuliko boma.

Hata hivyo, mwenye kusifu na asifu kwa kweli. Wakuu wengi wa Wayao zamani zile walijipatia mali kwa kuuza pembe za ndovu na watumwa pia. Na huko Masasi, tangu mwaka 1876, walikaa watu waliokombolewa katika utumwa. Wajukuu wa watu hao wana habari zao, na wajukuu wa watu wa boma wana zao. Anayesimulia ushujaa akaficha minyororo ameeleza nusu tu. Na anayesimulia minyororo akaficha ushujaa, naye vivyo hivyo.

Kwa hiyo yawapasa vijana wa Masasi na Newala kuwauliza wazee wao majina ya vilima, njia za zamani na visima vya bondeni, walikoteka maji watu wa uwandani. Tena wayaandike majibu katika daftari, pamoja na jina la kila mzee aliyesema. Mawe ya Kilwa yana walinzi wake. Habari za Luagala hazina mlinzi ila kumbukumbu za wazee, nao wazee hawakai milele.